Kumlipa Mshiriki kwa Haki: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Dodoso la Utafiti la Mtandaoni

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtafiti anayetaka kukusanya majibu kwa njia ya intaneti na kuwalipa watakaomjibu, awe mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mhadhiri mwenye ruzuku ndogo, au ofisa wa shirika anayetafuta maoni ya wanufaika wa mradi. Nitashikilia jambo moja tangu mwanzo, nalo ni kwamba malipo na muundo wa dodoso ni suala moja. Swali lililoandikwa vibaya humlazimu mshiriki kulisoma mara tatu, ukurasa usiofunguka kwenye simu humrudisha mwanzo, na dakika zote hizo, kama hazikuhesabiwa, mshiriki ndiye aliyezigharamia.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 2018 Kotaro Hara na wenzake walichapisha uchambuzi wa rekodi za wafanyakazi 2,676 wa Amazon Mechanical Turk, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2005 ambalo watafiti wengi wa vyuo vikuu hulitumia kupata wajibuji. Katika kazi milioni 3.8 walizozichunguza, mfanyakazi wa katikati (yaani nusu ya wenzake wakiwa chini yake na nusu juu yake) alikuwa akipata takriban dola 2 kwa saa, na ni asilimia 4 tu waliovuka dola 7.25, ambayo ndiyo kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani tangu mwaka 2009. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa muda usiolipwa: muda wa kutafuta kazi, muda uliotumika katika kazi zilizokataliwa baada ya kukamilika, na muda uliopotea katika kazi zilizoanzwa zikaachwa njiani. Katika hayo matatu, mawili ya mwisho yamo mikononi mwa yule anayeandaa kazi.

Hatua ya kwanza: Amua kima cha saa kabla ya kuandika swali lolote

Watafiti wengi huanza na fedha walizo nazo, wakazigawa kwa idadi ya watu wanaowahitaji, na kinachopatikana wakakiita malipo. Hesabu hiyo imeanzia mwisho. Anza na kima cha saa moja unachoweza kukitetea mbele ya mshiriki mwenyewe, kisha uangalie fedha zako zinatosha watu wangapi. Zikiwa hazitoshi, punguza maswali au punguza watu, lakini kima cha saa usikiguse.

Kima hicho utakipata wapi? Prolific, jukwaa jingine la kupata washiriki wa utafiti, lililoanzia Oxford mwaka 2014, limeweka kiwango cha chini cha dola 8 au pauni 6 kwa saa, na linapendekeza dola 12 au pauni 9. Ikiwa washiriki wako wako Kenya au Tanzania na unawalipa moja kwa moja, amri ya kima cha chini cha mshahara ya nchi husika inakupa sakafu ya kuanzia, ila ni sakafu tu. Kima kile kimepangwa kwa mtu mwenye ajira, ambaye mwajiri anamchangia NSSF, anampa likizo, na anamhakikishia kazi ya mwezi mzima. Mshiriki wa dodoso hana hata kimoja kati ya hivyo: anapata dakika ishirini leo, na kesho huenda asipate kitu. Kwa hiyo ni haki kima chake cha saa kivuke sakafu hiyo kwa kiasi kinachoonekana.

Pale washiriki wanapotoka nchi mbalimbali, huzuka swali la kulipa kima kimoja au kufuata gharama za maisha za kila nchi. Msimamo wangu ni kwamba kazi moja ilipwe kima kimoja. Ukilazimika kutofautisha, liandike jambo hilo katika ombi lako la kamati ya maadili na utoe sababu zake, badala ya kuliacha lifichike ndani ya jedwali la bajeti.

Kamati za maadili, kwa upande wao, huwa na hofu kwamba malipo makubwa yatamvuta mtu kukubali jambo ambalo vinginevyo angelikataa. Hofu hiyo ina msingi mahali ambapo dodoso linagusa ukatili wa kijinsia, maradhi ya siri au msimamo wa kisiasa, ambako mtu anaweza kudhurika kwa kujibu. Haina msingi katika dodoso la kawaida la dakika kumi na tano kuhusu matumizi ya maji, na isitumike kama kisingizio cha kulipa kidogo. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, mwongozo wa Marekani wa maadili ya utafiti unaohusisha watu, ambayo kamati nyingi huirejelea, inataja haki pamoja na heshima kwa mtu na kumtakia mema, na ni vigumu kuona haki katika kumlipa mtu maskini kidogo kwa hoja kwamba umaskini wake unamfanya ashawishike upesi.

Neno moja kuhusu bahati nasibu. Tangazo la kwamba mshiriki mmoja atajishindia simu huku wengine mia tatu wakiondoka mikono mitupu halimlipi mtu. Kama huna fedha za kuwalipa wote, sema wazi kwamba ushiriki ni wa kujitolea, na ufupishe dodoso liendane na ukweli huo.

Hatua ya pili: Ingiza makato katika bajeti, na yabebwe na wewe

Mechanical Turk humtoza mtafiti asilimia 20 juu ya malipo ya mshiriki, na huongeza asilimia 20 nyingine ikiwa kazi moja imetangazwa kwa watu 10 au zaidi. Tuseme unahitaji watu 200 kwa dodoso la dakika 15, nawe umeamua kulipa dola 12 kwa saa, yaani dola 3 kwa kila mmoja. Washiriki watapata dola 600, ada itakuwa dola 240, na jumla ni dola 840. Ukiigawa kazi hiyohiyo katika mafungu ya watu 9, ada inashuka hadi dola 120. Dola 120 zilizookolewa zinatosha kumwongezea kila mshiriki senti 50 pamoja na ada yake. Ukifanya hivyo, hakikisha umeweka kizuizi cha kumzuia mtu aliyejibu katika fungu moja asirudie katika fungu jingine, na umweleze jambo hilo kabla hajaanza.

Kwetu Afrika Mashariki malipo hupita zaidi katika simu, na hapa mambo madogo huumiza. Kila anayetumia M-Pesa au huduma nyingine ya namna hiyo anajua maana ya kuambiwa “tuma na ya kutolea”. Mtafiti anayeahidi shilingi 5,000 za Tanzania kisha akatuma 5,000 kamili amelipa pungufu ya alichoahidi, kwa sababu mshiriki atakatwa wakala atakapompa fedha taslimu. Waliokuwa wakifanya utafiti Tanzania Julai 2021, tozo za miamala zilipoanza, waliona jinsi kiasi kidogo kinavyoliwa na makato kabla ya kumfikia mhusika. Angalia jedwali la ada la mtandao husika siku chache kabla ya kulipa, uongeze ya kutolea, na uongeze pia gharama ya bando ikiwa dodoso lina picha, sauti au video. Vocha ni njia rahisi kwa mtafiti, lakini mtu hawezi kununulia unga vocha. Mwachie mshiriki achague kati ya vocha na fedha.

Hatua ya tatu: Andika dodoso lisilopoteza muda wa mtu

Kabla ya kitu chochote, pitia kila swali na ujiulize ni jedwali gani au ni hoja gani ya utafiti itakosa kitu likiondolewa. Swali lisilo na jibu hapo linafutwa. Maswali ya umri, dini, kabila na kipato huingizwa mara nyingi kwa mazoea, ingawa kila moja ni sekunde kadhaa zikizidishwa kwa mamia ya watu, na baadhi yake ni taarifa nyeti ambazo utalazimika kuzilinda.

Maswali ya kuchuja yaweke mwanzoni kabisa, na yasizidi mawili au matatu. Si haki mtu ajibu kurasa nne ndipo aambiwe kwamba hastahili kwa kuwa hana mtoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwa uchujaji ni lazima uwe mrefu, ulipie: andaa dodoso fupi la kuchuja lenye malipo yake, kisha uwaalike waliofaa katika dodoso kuu.

Chukulia kwamba mshiriki anatumia simu yenye kioo kidogo, na kwamba mtandao utakatika. Jedwali lenye kauli kumi kushoto na ngazi saba juu husomeka vizuri kwenye kompyuta ya ofisini, lakini kwenye simu humlazimu mtu asogeze kidole kulia na kushoto mpaka asahau anajibu nini, kwa hiyo ligawanye liwe kauli mojamoja. Washa uwezo wa kuhifadhi majibu ili umeme ukikatika au bando likiisha, mtu aendelee alipoishia. Maswali ya kujieleza kwa maandishi yawe machache, na yasiyo ya lazima yaruhusiwe kurukwa, kwa kuwa kuandika aya moja kwa kidole gumba kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko maswali kumi ya kuchagua.

Lugha ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, maana madodoso mengi ya Kiswahili yametafsiriwa kwa haraka kutoka lugha nyingine. Fikiria swali “Ulilala saa ngapi jana?” lenye kisanduku cha kujaza tarakimu. Mtu anaandika 4, akimaanisha saa nne usiku, na programu inasoma saa kumi alfajiri. Mshiriki hajakosea. Aliyekosea ni mwandishi wa swali, ambaye angeweza kuweka chaguo “saa 3 usiku”, “saa 4 usiku” na kuendelea, jambo likaisha. Vivyo hivyo “Una ndugu wangapi?” litaleta majibu yasiyolingana, kwa kuwa mmoja atahesabu wa tumbo moja, mwingine atawaingiza watoto wa baba mdogo na mama mkubwa. Swali “Unaishi kata gani?” linaeleweka Tanzania, lakini Mkenya amezoea kata kuwa eneo la chifu, na lile la kuchagua mwakilishi analiita wadi. Dodoso la nchi mbili linahitaji matoleo mawili, na linalokwenda Lubumbashi au Goma linahitaji kupitiwa na mtu wa huko, kwani Kiswahili sanifu peke yake hakitoshi.

Kauli za kukanusha ni mtego mwingine. Mtu anapoulizwa kama anakubali au hakubali kauli “Sidhani kwamba sina thamani”, inambidi akanushe juu ya ukanushi, na hata msomaji makini atateleza. Ngazi za majibu nazo ziwe mbali kiasi cha kutofautishwa: “nakubali kidogo” na “nakubali kwa kiasi fulani” ni kitu kimoja kwa watu wengi, na anayelazimishwa kuchagua kati yake anapoteza sekunde bila kukupa taarifa yoyote.

Hatua ya nne: Pima muda kwa watu wasiokujua

Hapa ndipo makosa mengi ya malipo huzaliwa. Katika utafiti mmoja nilioshiriki kuuandaa, sisi wenyewe tulijaribu dodoso tukiwa ofisini, kila mmoja na kompyuta yake, na tukaafikiana kwamba ni kazi ya dakika kumi na mbili. Tulikuwa tumeyaandika maswali wenyewe, hivyo tulikuwa tukiyatambua tu, hatuyasomi. Washiriki halisi walipoanza kujibu kwa simu, wengi wao walitumia karibu mara mbili ya muda huo. Tulilazimika kurudi kuomba nyongeza ya fedha, nami tangu hapo sikubali makadirio ya muda yaliyotoka kwa waandaaji.

Tafuta watu kati ya kumi na ishirini wanaofanana na washiriki unaowatarajia, wajibu kwa simu zao wenyewe, mahali walipo, na uwalipe kama utakavyowalipa wengine. Programu irekodi muda tangu ukurasa wa ridhaa, kwa sababu kusoma maelezo ni kazi pia. Kisha panga muda wote kutoka mfupi hadi mrefu. Tuseme umeamua shilingi 400 za Kenya kwa saa, muda wa katikati umekuwa dakika 21, na robo tatu ya watu wamemaliza ndani ya dakika 28. Ukilipa kwa muda wa katikati utatoa shilingi 140, na hapo nusu ya washiriki watakuwa wamelipwa chini ya kima chako mwenyewe. Ukilipa kwa dakika 28 utatoa shilingi 187, ambazo utazikamilisha kuwa 190. Mimi hushauri hesabu hii ya pili. Anayechelewa mara nyingi ni mzee, mwenye simu ya zamani, mwenye macho dhaifu au asiyezoea kusoma maandishi marefu, na hao ndio ambao tafiti za mtandaoni huwakosa.

Kwa watu 250, shilingi 190 ni shilingi 47,500 kabla ya ya kutolea. Ikiwa bajeti ni shilingi 35,000, una njia mbili za halali: kupunguza maswali mpaka muda ushuke na upimwe upya, au kutosheka na watu 184.

Hatua ya tano: Tangazo, ridhaa na vibali

Tangazo liseme kiasi kamili cha malipo, muda uliopimwa, kima cha saa kinachotokana na hayo mawili, njia ya malipo na siku ambayo fedha zitafika. Liseme pia nani hastahili kushiriki, ili asipoteze bando lake kufungua kiungo. Fomu ya ridhaa iwe fupi na ijibu mambo ambayo mtu huyauliza kwa kweli: nani anayeniuliza, majibu yataonwa na nani, nikiacha katikati nitalipwa nini, na nikiwa na malalamiko nimpigie nani.

Kwa vibali, Kenya utaanzia kwa NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) pamoja na kamati ya maadili ya taasisi yako, Tanzania Bara kwa COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) ikiwa utafiti ni wa afya, na Uganda kwa UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia). Malipo ya simu huleta jambo la ziada, kwamba namba ya simu ni taarifa binafsi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinakutaka uilinde. Weka namba katika faili tofauti na majibu, faili hizo mbili ziunganishwe kwa namba ya siri tu, na orodha ya simu ifutwe malipo na malalamiko yakishakamilika.

Hatua ya sita: Maswali ya kupima umakini, na lini kukataa kazi ya mtu

Watafiti huingiza swali kama “Ili kuonyesha unasoma, chagua jibu la tatu”. Njia ya kuficha maagizo ndani ya maelezo ili kumbaini asiyesoma ilipata umaarufu baada ya makala ya Daniel Oppenheimer na wenzake ya mwaka 2009. Ni chombo halali, ila kinatumiwa vibaya pale kinapogeuzwa mtego wa kumnyima mtu malipo. Swali la kupima umakini lisomeke waziwazi, lisitegemee kumbukumbu ya kurasa zilizopita wala maana ya neno gumu, na lisiwe peke yake. Prolific, kwa dodoso lisilo fupi sana, inataka mtu awe amekosa angalau maswali mawili ya namna hiyo kabla kazi yake haijakataliwa, na huo ni utaratibu mzuri kuufuata hata nje ya jukwaa hilo.

Elewa pia uzito wa kukataa. Kwenye Mechanical Turk mtafiti anaweza kukataa kazi iliyokamilika, asilipe kitu, na rekodi ya mfanyakazi ikashuka. Kwa kuwa waajiri wengi, yaani wanaotoa kazi huko, huweka sharti kwamba asilimia 95 au zaidi ya kazi za mtu ziwe zilikubaliwa, kukataliwa mara chache kunaweza kumfungia mtu milango ya kazi za wengine ambao hawajui kilichotokea. Ni kwa sababu ya hali kama hizo Lilly Irani na Six Silberman walianzisha Turkopticon mwaka 2008, mahali ambapo wafanyakazi waliweza kuwapima waajiri, kwa kuwa jukwaa lenyewe liliwaruhusu waajiri tu kuwapima wafanyakazi.

Kwa hiyo tenganisha maamuzi mawili ambayo huchanganywa mno: kulipa, na kutumia majibu katika uchambuzi. Una uhuru wa kuyaacha nje majibu yoyote unayoyatilia shaka, mradi vigezo umeviandika kabla ya kuanza kukusanya. Malipo ni deni la muda uliokwisha kutumika. Lizuie pale tu ulipo na ushahidi usio na utata, kama vile laini moja kujibu mara tano, au programu kujaza kurasa zote kwa sekunde chache. Katika hali nyingine zote, lipa. Hata unapoona jibu la ajabu, rudi kwanza kwenye swali lako mwenyewe, kwani huenda ni yule aliyeandika 4 kwa saa nne usiku.

Hatua ya saba: Lipa, sahihisha, ripoti

Malipo yatoke ndani ya siku mbili au tatu, na usisubiri dodoso lifungwe wiki sita baadaye. Tuma kwanza kwa watu watano, uthibitishe kwamba fedha zimefika, ndipo utume kwa wote. Baadhi ya laini zimesajiliwa kwa jina la mume, mama au mwenye duka, kwa hiyo jina lisilolingana lisichukuliwe kuwa udanganyifu. Mpigie mhusika umuulize.

Baada ya watu hamsini wa kwanza, rudia hesabu ya hatua ya nne kwa muda halisi. Ukikuta ni mrefu kuliko ulivyotangaza, ongeza malipo ya wanaofuata na uwatumie tofauti hiyo waliokwisha kujibu, pamoja na ujumbe mfupi wa kueleza sababu. Wasiomaliza kwa hitilafu ya dodoso lako walipwe kadiri ya kurasa walizofika. Namba ya malalamiko ishikwe na mtu mwenye mamlaka ya kulipa bila kusubiri kikao, na iendelee kupokelewa walau mwezi mmoja baada ya dodoso kufungwa.

Katika makala au tasnifu yako, kwenye sehemu ya mbinu, andika kiasi kilicholipwa, muda wa katikati na muda wa robo tatu ya washiriki, kima cha saa kilichotokana navyo, idadi ya waliokataliwa malipo na sababu zao, na nani aliyebeba ada za kutuma na kutoa. Sentensi tatu au nne zinatosha, na mhakiki wa makala ataweza kuzikagua kwa kalamu na karatasi.